Umejuaje? Swali la Kumpa Mtoto wa Zama za Simu Janja

Machi 2022 wahudumu wa afya walipita nyumba kwa nyumba katika mikoa ya Njombe, Mbeya, Songwe na Ruvuma, wakiwapa watoto wenye umri wa chini ya miaka mitano matone ya chanjo ya polio. Mwezi mmoja kabla, Malawi ilikuwa imetangaza kwamba mtoto mmoja jijini Lilongwe amepooza kwa kirusi cha polio ya asili, na vinasaba vya kirusi hicho vilionyesha kuwa chimbuko lake ni Pakistan. Tanzania haikuwa imepata mgonjwa wa aina hiyo tangu 1996. Ugonjwa uliovuka bara ulijibiwa na mtu aliyepiga hodi, akafungua kisanduku cha chanjo, akasubiri mama aulize: hii ni nini, na itamfanya nini mwanangu?

Mzazi wa Tandala, katika nyanda za juu zenye baridi wilayani Makete, mkoani Njombe, siku hizi hupata habari za afya ya mwanawe kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni huyo mhudumu aliyesimama mlangoni. Ya pili ni simu iliyo mfukoni: sauti iliyorekodiwa na kutupwa kwenye grupu la ukoo, au video fupi iliyotumwa na shemeji wa Makambako, ambaye naye katumiwa na mtu wa Dar es Salaam asiyejua ilikotoka. Mhudumu unaweza kumuuliza, ukambana, ukarudi kwake kesho. Ile sauti ya kwenye simu huwezi kuiuliza kitu. Naamini madhara mengi ya simu janja, kwa jamii na kwa watoto, yanaanzia hapo: inazungumza na watu muda wote, nayo haiulizwi.

Uongo wa zamani, mwendo mpya

Tusiitwishe simu mzigo usio wake. Mwishoni mwa 2018 na mwanzoni mwa 2019 mkoa wa Njombe uliomboleza watoto waliouawa kikatili, na serikali ikayahusisha mauaji hayo na imani kwamba viungo vya binadamu huleta utajiri. Imani hiyo ni ya miaka mingi kuliko intaneti.

Hata tiba za uongo zilikuwa na wafuasi kabla ya simu janja kuenea. Mwaka 2011 habari zilifika kila pembe ya nchi kwamba Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri katika kijiji cha Samunge, Loliondo, anatoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500, na kwamba kikombe hicho kinaponya Ukimwi, kisukari na saratani. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Wapo wagonjwa waliofia kwenye foleni, na wapo waliorudi nyumbani wakaacha dawa za kufubaza virusi. Kwa Njombe jambo hilo halikuwa la mbali. Utafiti wa kitaifa wa 2011–12 ulikuta asilimia 14.8 ya watu wa mkoa huo wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wanaishi na virusi vya Ukimwi, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Habari ya dawa inayomaliza kila kitu kwa kikombe kimoja ilikuwa inazungumza na watu waliokwisha kuzika wengi.

Kwa hiyo uongo tulikuwa nao. Simu janja imeuongezea mwendo, na mwendo huo umepimwa. Mwaka 2018 watafiti watatu wa Marekani, Soroush Vosoughi, Deb Roy na Sinan Aral, walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa habari zipatazo 126,000 zilizosambazwa kwenye Twitter kati ya 2006 na 2017. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusambazwa kuliko ya kweli, kwa asilimia 70. Habari ya kweli ilichukua muda mara sita zaidi kuwafikia watu 1,500. Walipoziondoa akaunti zinazoendeshwa na mashine, matokeo hayakubadilika. Wanaousambaza uongo ni sisi wenyewe, kwa sababu uongo hubuniwa uwe mpya na wa kushtua, na mtu akishtuka mkono wake hutangulia akili.

Sababu ya pili ya uongo kutushinda imo ndani ya kumbukumbu yetu. Mwaka 1977 Lynn Hasher na wenzake wawili waliwapa wanafunzi wa chuo sentensi, nyingine za kweli na nyingine za uongo, wakazirudia baadhi baada ya wiki kadhaa. Sentensi zilizorudiwa zilizidi kuaminika, ziwe za kweli au la. Ubongo hulichukulia jambo lililozoeleka kuwa jambo lililothibitishwa. Sasa mfikirie bibi anayepokea ujumbe mmoja kutoka grupu la kanisa, grupu la kikoba na grupu la ukoo siku hiyohiyo. Yeye anaona mashahidi watatu, kumbe chanzo ni kimoja.

Habari njema ni kwamba mwendo huo unaweza kupunguzwa. Aprili 2020 WhatsApp ilizuia ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi usitumwe kwa zaidi ya kundi au mtu mmoja kwa wakati, kisha ikaeleza kwamba usambazaji wa jumbe za aina hiyo umeshuka kwa asilimia 70. Kizuizi kidogo tu wakati wa kubonyeza kilitosha kuupunguza.

Mtoto na kioo

Mtu mzima angalau ana la kulinganisha na anachokiona kwenye simu. Mtoto mdogo ndiyo kwanza anajenga akili ya kulinganishia, na anaijenga kwa mazungumzo.

Mwaka 2003 Patricia Kuhl wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini Seattle, alichapisha jaribio lililofanywa kwa watoto wachanga wa Kimarekani wenye umri wa miezi tisa. Kundi moja lilikaa vipindi 12 na watu wanaozungumza Kichina, wakicheza nao na kuwasomea vitabu. Kundi lingine liliwaona na kuwasikia watu walewale wakifanya yaleyale, ila kwenye televisheni. Waliokaa na watu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wa televisheni hawakujifunza. Sauti zilikuwa zilezile. Kilichokosekana ni mtu anayemtazama mtoto usoni, anayengoja na kumwitikia.

Utafiti wa Australia uliochapishwa 2024 ulionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Familia 220 ziliwavisha watoto wao vifaa vidogo vya kurekodi sauti za nyumbani tangu walipokuwa na umri wa mwaka mmoja hadi mitatu. Katika umri wa miaka mitatu, kila dakika moja ya ziada ya kutazama kioo cha simu au televisheni iliambatana na kupungua kwa maneno kama saba ambayo mtoto angesikia kutoka kwa watu wazima, na kwa sauti kama tano ambazo yeye mwenyewe angetoa. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba kioo peke yake ndicho chanzo. Unaonyesha, hata hivyo, kwamba kioo kikiwaka, mazungumzo hupungua.

Hata kabla ya utafiti huo, miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya Aprili 2019 ilitaka mtoto wa chini ya miaka miwili asiwekwe mbele ya kioo kabisa, na wa miaka miwili hadi minne asizidishe saa moja kwa siku, pungufu ikiwa bora zaidi. Kuna na suala la usingizi: mtoto wa miaka mitatu au minne anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13, na mwanga mkali wa usiku hupunguza homoni inayoleta usingizi huo.

Makete, ambako Ukimwi uliacha watoto wengi mikononi mwa bibi na babu, jambo hili lina uzito wake. Bibi anayerudi kutoka shamba la viazi akiwa amechoka, akampa mjukuu simu yenye katuni apate kupika, halaumiwi. Ila ajue kwamba hadithi yake ya jikoni, ile ambayo mjukuu lazima aitikie “hadithi njoo” kabla haijaanza, na ambayo huikatiza kila mara kwa maswali, inamjengea mtoto kitu ambacho katuni haiwezi.

Somo la Uganda

Je, mtoto anaweza kufundishwa kuupima uongo? Jibu limepatikana hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 2016 Allen Nsangi, Daniel Semakula na wenzao wa Chuo Kikuu cha Makerere, wakishirikiana na watafiti wa Norway, walizichukua shule za msingi 120 za Uganda zenye wanafunzi zaidi ya 10,000 wa darasa la tano. Nusu ya shule zilipewa kitabu cha hadithi za picha na masomo tisa ya dakika 80, katika muhula mmoja.

Watoto walifundishwa kwamba dawa kutumiwa na watu wengi kwa miaka mingi hakuthibitishi kuwa inatibu. Kwamba mtu akinywa kitu kisha akapona, huenda angepona hata bila kukinywa. Kwamba ili kujua, lazima ulinganishe waliopewa na wasiopewa, kwa haki. Kila moja ya hoja hizo ingefaa kuulizwa Samunge mwaka 2011.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2017. Katika shule zilizofundishwa, asilimia 69 ya watoto walifaulu mtihani wa kupima madai ya tiba. Katika shule nyingine, asilimia 27. Mwaka mmoja baadaye waliofundishwa bado walikuwa mbele kwa mbali.

Umri wa watoto hao wa darasa la tano una maana kubwa kwetu. Mwaka 2024 Tanzania ilianza kutoa dozi moja ya chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, na uvumi kwamba chanjo huondoa uzazi uliandamana nayo. Binti wa Tandala wa rika hilo alilengwa na chanjo, na alilengwa na uvumi pia. Akiuliza “umejuaje?”, “nani amelinganisha?” na “nani alisema kwanza?”, anayo nafasi ya kujiamulia kwa akili yake.

Watu wazima tunaposikia habari za simu na watoto, hukimbilia kunyang'anya simu. Kuipunguza ni sawa, hasa kwa wadogo. Lakini simu itarudi mikononi mwao, na sisi hatutakuwapo kila itakapowaka. Watoto wa Uganda walijifunza kwa kitabu, ubao na mwalimu, bila kompyuta wala bando. Tandala ina shule na ina chuo cha ualimu. Somo hili linaweza kuanza muhula ujao, na nyumbani linaweza kuanza leo, kwa mzazi kukubali kuulizwa na mwanawe “umejuaje?” bila kukasirika.