Jipu la Jino Linalorudi Baada ya Mzizi Kutibiwa

Wapo watumishi na wananchi ambao hutibiwa mzizi wa jino, wakapata nafuu, na baada ya miezi au miaka michache huamka asubuhi shavu limevimba upande ule ule. Aghalabu mgonjwa wa namna hii hushika njia iliyo karibu naye: hununua vidonge dukani, uvimbe hupungua kwa siku chache, naye humshukuru Mungu na kurejea kazini. Baada ya muda uvimbe hurudi. Wengine huishi hivyo miaka mingi, wakidhani kuwa jipu lile ni jipya kila linapotokea, ilhali ni lile lile ambalo halikupata kuondoka.

Jino huwa na uwazi ndani yake, nao hushuka kwa njia nyembamba hadi ncha ya mzizi. Humo ndimo ilimo nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Nyama hiyo ikifa kwa kuoza au kwa kuumia, vijidudu hupata makao. Tiba ya mzizi ni kuiondoa nyama hiyo, kuzisafisha njia kwa sindano nyembamba na dawa ya maji ya jamii ya klorini, kisha kuzijaza, kwa kawaida kwa utomvu mgumu wa mti uitwao gata-pacha, na hatimaye kulifunika jino kwa kizibo cha kudumu au kofia. Kazi hiyo ikifanywa vyema, meno mengi hupona. Hata hivyo si yote.

Sababu za kurudi kwa usaha ni kadha wa kadha. Huenda njia moja haikuonekana. Gego la kwanza la juu, kwa mfano, mara nyingi lina njia nne, na ile ya nne ni finyu mno, hata daktari stadi huweza kuipita. Huenda sindano ilivunjikia ndani na kuziba njia kabla haijasafishwa. Huenda mzizi umepasuka kwa kuuma kitu kigumu. Na ipo sababu moja ambayo imo mikononi mwa mgonjwa mwenyewe, nayo inastahili kutajwa bila ya kificho: maumivu yanapokwisha baada ya ziara ya kwanza au ya pili, mgonjwa huacha kurudi. Kizibo cha muda alichowekewa ni cha kudumu wiki chache tu. Kikilegea, mate hupenya pamoja na vijidudu, na kazi yote ya chini huharibika. Lawama humwangukia daktari, na pengine si yake.

Hapa ndipo penye jambo ambalo wengi hulikosea. Dawa za kuua vijidudu, kama amoksilini na metronidazo, husafiri kwa njia ya damu. Ndani ya jino lililokufa hamna damu inayopita. Kwa hiyo dawa huwafikia vijidudu waliotoka nje ya mzizi na kuingia katika nyama ya taya, na ndiyo maana uvimbe hupungua, lakini haiwafikii waliojificha ndani, nao hungoja siku zao. Daktari huziandika dawa hizo pale uvimbe unaposambaa au mgonjwa anapokuwa na homa, ili kuuzuia ubaya usienee wakati tiba yenyewe inaandaliwa. Kuzirudia mara kwa mara bila ya tiba huwazoesha vijidudu dawa, hata siku ya hatari ya kweli zisifae kitu.

Karafuu nayo isemwe, kwa kuwa visiwa hivi vinaifahamu kuliko nchi nyingi. Mafuta yake, na yale ya makonyo yanayokamuliwa katika kiwanda cha Wawi, Pemba, yana kitu kiitwacho ujenoli ambacho hutuliza neva. Madaktari wa meno duniani kote wamekitumia kwa miaka mingi, wakikichanganya na unga wa oksaidi ya zinki kufanya vizibo vya muda na gundi ya kujazia mizizi. Basi wazee hawakukosea kuweka karafuu juu ya jino. Ila hutuliza tu. Usaha ulio kwenye ncha ya mzizi hauutoi. Kusaga aspirini na kuipaka ufizini si sawa na karafuu, kwani aspirini huiunguza nyama ikawa kidonda juu ya kidonda.

Mgonjwa anapofika hospitali huanza kwa kupigwa picha ya eksirei ya jino. Ikiwa shavu limejaa usaha, hupasuliwa kidogo ili usaha utoke, au jino hufunguliwa upitie humo. Hiyo ni nafuu ya siku ile. Baada yake kuna njia tatu, na uchaguzi hutegemea hali ya jino pamoja na mfuko wa mgonjwa.

Njia ya kwanza ni kurudia tiba ya mzizi. Kofia au kizibo huondolewa, ujazo wa zamani hutolewa, njia iliyosahauliwa hutafutwa, na dawa ya chokaa huachwa ndani kwa wiki moja au zaidi kabla ya kujazwa upya. Takriban robo tatu ya meno yanayorudiwa hupona, idadi iliyo pungufu kidogo ya ile ya tiba ya mara ya kwanza. Kazi hii hutaka ziara mbili au tatu, na mgonjwa asiyeweza kuzikamilisha zote ni heri aseme mapema kuliko kuianza na kuiacha njiani.

Njia ya pili ni upasuaji wa ncha ya mzizi, ambapo ufizi hufunguliwa kwa ganzi, ncha ya mzizi hukatwa pamoja na uvimbe wake, na tundu huzibwa kutoka chini. Hufaa pale ambapo jino lina kofia nzuri isiyofaa kuvunjwa, au njia imezibwa na kitu kisichotoka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionesha kuwa upasuaji wa mtindo wa zamani ulifaulu kwa asilimia 59, na ule wa hadubini na vifaa vya kisasa kwa asilimia 94. Kwa hiyo si jina la upasuaji linaloamua, bali ni kifaa na mkono unaokishika. Magego ya chini yana mshipa mkubwa wa fahamu karibu nayo, na ya juu yapo jirani na uwazi wa pua; daktari hana budi kuyapima hayo kwanza.

Njia ya tatu ni kung'oa. Jino lililopasuka mzizi, au lililobakia kipande kisichoweza kubeba kofia, halina tiba nyingine. Wananchi wengi huona kung'oa ni kushindwa, na baadhi ya madaktari huona vivyo hivyo, lakini kwa mtu aliye mbali na asiye na uwezo wa safari tatu, jino lililong'olewa vyema ni salama kuliko jino linalotoa usaha mwaka hata mwaka. Pengo huweza kuzibwa kwa jino la bandia la kuvaa na kuvua, kwa daraja, au kwa jino la kupandikizwa katika mfupa, ambalo ndilo ghali zaidi.

Umbali si jambo dogo. Mkazi wa Kurui, katika Wilaya ya Kisarawe, na mkazi wa Tumbatu au Kojani hawajuani, lakini shida yao ni moja: zahanati iliyo karibu inaweza kumpa dawa na barua, na si zaidi. Wa Kurui atakwenda Hospitali ya Wilaya ya Kisarawe, au Tumbi iliyoko Kibaha, na akihitaji bingwa wa mizizi ataelekezwa Muhimbili. Wa visiwani ataanzia hospitali ya wilaya yake, kisha Mnazi Mmoja. Mwanachama wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, au wa Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, aulize kabla ya kuanza ni ziara na kazi zipi zinazolipiwa, kwani kofia ya jino na tiba ya mzizi huenda zisihesabiwe pamoja. Mtumishi asisahau kuchukua cheti cha daktari kwa ajili ya ruhusa ya kazini.

Swali huulizwa sana mwezi wa Ramadhani. Mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku zake, na hilo limo katika Sura ya Al-Baqara. Ama sindano ya ganzi, wanazuoni wengi wa zama hizi wanaona haifunguzi, madhali si chakula na mgonjwa hamezi kitu. Mwenye shaka amuulize sheikh wake, au aombe miadi ya baada ya futari pale inapopatikana. Kungoja Idi ilhali shavu limevimba hakufai.

Kuna dalili ambazo hazingoji miadi wala barua. Uvimbe ukishuka chini ya taya na kuelekea shingoni, ulimi ukiinuka, kinywa kikashindwa kufunguka, kumeza mate kukawa taabu, au jicho likaanza kufumba kwa uvimbe, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku. Hali ya uvimbe wa sakafu ya kinywa ilielezwa na tabibu wa Kijerumani, Ludwig, mwaka 1836, na hadi leo huua kwa kuziba pumzi. Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa kwake usaha huenea upesi.

Anayekwenda kutibiwa jino lililokwisha kutibiwa achukue picha zake za zamani za eksirei kama anazo, pamoja na majina ya dawa zote alizotumia tangu uvimbe wa kwanza, zikiwemo zile za dukani.