Kuandika Lugha za Asia kwenye Kompyuta (Sehemu ya Tatu): Kijapani na Machaguo Yasiyopatana

Katika sehemu iliyopita tulieleza jinsi Mkorea anavyounganisha konsonanti na irabu kwenye kibodi akapata silabi kamili. Leo tunaingia Japani, ambako kazi ni nzito zaidi. Huko mtu anaweza kusakinisha mfumo endeshi wa Linux kwa Kijapani, menyu zote zikasomeka vizuri, kisha akashindwa kuandika hata jina lake.

Kijapani huandikwa kwa hiragana na katakana, ambazo ni alama za silabi, pamoja na kanji zenye asili ya Uchina. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyorekebishwa mwaka 2010, ina kanji 2,136. Hakuna kibodi ya kawaida iwezayo kuzibeba. Kwa hiyo mara nyingi mwandishi hupiga matamshi ya neno kwa herufi za Kilatini, programu ikayageuza kuwa hiragana, na akibonyeza kitufe cha nafasi hupendekezewa kanji. Anayepiga "hashi" huenda anakusudia daraja, vijiti vya kulia au ukingo, na kila kimoja kina kanji yake. Programu hulazimika kupima maneno ya jirani, kutafuta katika kamusi yake na kukumbuka alichochagua mtumiaji siku za nyuma.

Kwenye Linux kazi hii imegawanywa katika tabaka mbili. Ipo injini ya kugeuza, kama Anthy, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Kyoto, au Mozc, ambayo Google iliitoa kama programu huria mwaka 2010. Kati ya injini na programu unazoandikia upo mfumo wa uingizaji, kama IBus, Fcitx au uim, unaopokea vitufe na kurudisha maandishi yaliyokamilika. Tabaka hizi hazishikani zenyewe. Mozc ya IBus na Mozc ya Fcitx ni vifurushi viwili tofauti.

Tatizo huzaliwa hapa, kwa sababu chaguo-msingi, yaani chaguo linalotumika mtumiaji asipochagua mwenyewe, huamuliwa zaidi ya mahali pamoja. Kisakinishi kina orodha ya vifurushi kwa kila lugha. Eneo-kazi la GNOME lina jedwali lake linalotaja injini ya kila lugha. Katika Debian, mojawapo ya mifumo ya Linux, programu iitwayo im-config nayo huteua mfumo wa uingizaji mtumiaji anapoingia. Sehemu hizi hutunzwa na watu tofauti, kila kundi kwa ratiba yake.

Orodha ikileta Mozc ilhali jedwali linaitaja Anthy, GNOME itatafuta injini isiyokuwapo, na mtumiaji atabaki na herufi za Kilatini. Im-config ikiteua mfumo mmoja na eneo-kazi likategemea mwingine, programu moja itakubali Kijapani na ya pili itakataa. Mara nyingi hakuna ujumbe wa kosa unaotokea, kwa sababu kila sehemu imetimiza ilichoagizwa. Mgeni hudhani ameharibu mwenyewe.

Wapo wanaosema wingi wa machaguo ndio fahari ya programu huria. Ni kweli, na Anthy na Mozc zote zinastahili kuendelea kutunzwa. Lakini uhuru wa kuchagua humfaa mtu aliyekwisha kuanza kuandika. Asiyeweza kuandika hata neno la kutafutia msaada hana cha kuchagua. Ndiyo maana badiliko la chaguo-msingi linahitaji kushughulikiwa hadharani, kama mradi wa Fedora, mfumo mwingine wa Linux, ulivyofanya mwaka 2021 ulipohama kutoka injini ya kkc kwenda Anthy katika toleo la 34: badiliko lilipangwa na kutangazwa waziwazi.

Kwa msomaji aliyekwama, ukaguzi ni wa hatua tatu. Angalia ni mfumo gani wa uingizaji unaoendeshwa. Hakikisha injini iliyosakinishwa ni ya mfumo huohuo. Kisha uiongeze injini hiyo katika mipangilio ya kibodi. Kwa watunzaji, dawa ni orodha, jedwali na im-config kubadilishwa kwa pamoja, na kila toleo kujaribiwa kwa kuandika sentensi nzima ya Kijapani mara baada ya kusakinisha, kabla ya kugusa mpangilio wowote. Toleo lisilofaulu jaribio hilo halijawa tayari kwa Wajapani, hata kama menyu zake zote zimetafsiriwa.

Katika sehemu ya nne tutaeleza jinsi itifaki ya maonyesho ya Wayland inavyobadilisha mawasiliano kati ya kibodi, eneo-kazi na mifumo hii ya uingizaji.