Mizani ya Earthsea: Le Guin aliijenga, kisha akaihoji

Katika chuo cha waganga kilichoko kisiwa cha Roke, kijana Ged ana swali linalomkereketa. Ameshajua kulifanya jiwe la njiani lionekane almasi, lakini kiinimacho hicho hakidumu. Afanye nini ili almasi ibaki almasi? Mwalimu wake anatamka neno moja, na mkononi kinabaki kipande cha mwamba cha kijivu. Kisha anamweleza kijana huyo kwamba kuligeuza jiwe kikweli ni kulibadilisha jina lake la asili, na anayelibadilisha jina la kijiwe kimoja ameibadilisha dunia. Mwenye uwezo huo asiutumie mpaka ajue ni heri ipi na shari ipi vitafuata. Isitoshe, anamaliza mwalimu, jiwe nalo ni kitu chema.

Tukio hilo fupi limo katika “A Wizard of Earthsea”, riwaya ya Mmarekani Ursula K. Le Guin iliyotoka mwaka 1968. Kutokana nayo mwandishi huyo, aliyezaliwa Berkeley, California, mwaka 1929 na kufariki Portland, Oregon, Januari 2018, alijenga ulimwengu mzima wa visiwa, majabali na majoka yanayosema. Hadi mwaka 2001 vilikuwa vimetoka vitabu sita: riwaya tano na mkusanyiko mmoja wa hadithi. Kinachovipa uzito ni kwamba vitatu vya mwanzo vinafundisha kuilinda mizani ya dunia, na vitatu vya mwisho vinauliza mizani hiyo ilipangwa na nani, na nani aliyeilipia.

Mvua ya huku, ukame wa kule

Le Guin alikulia katika nyumba ya wasomi. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mwanaanthropolojia mashuhuri. Mama yake, Theodora, aliandika maisha ya Ishi, mwenyeji wa asili wa California ambaye watu wake waliangamizwa. Humo humo alikutana mapema na Tao Te Ching, kitabu cha hekima cha Wachina wa kale, na mwaka 1997 akachapisha tafsiri yake mwenyewe ya kitabu hicho. Fikra kwamba nguvu kubwa huonekana katika kujizuia inatoka huko.

Ndiyo maana mganga anayeheshimika kuliko wote katika riwaya ya kwanza karibu haonyeshi uganga wowote. Ogion, mzee wa kisiwa cha Gont, aliwahi kulituliza tetemeko la ardhi. Lakini mvua ikimkuta porini hujikunja chini ya mti na kulala, huku Ged, mwanafunzi wake, akinung’unika kwamba mwenye elimu hiyo angeweza kulifukuza wingu. Baadaye, huko Roke, Ged anaambiwa sababu: mvua unayoiita hapa inaweza kuwa ukame kwa wenzako wa kisiwa kingine.

Anasikia, lakini hasikii. Kwa majivuno, na kwa kutaka kumwonyesha mwenzake kwamba yeye ni zaidi, anaita roho ya mwanamke aliyekufa karne nyingi nyuma. Pamoja nayo kinatoka kivuli kinachomrarua uso, na mkuu wa chuo anakufa katika juhudi za kuuziba mwanya uliofunguka. Sehemu kubwa ya kitabu inayobaki ni Ged kukikimbia kivuli hicho, halafu kukiwinda, mpaka wanakutana mbali kabisa baharini na kila mmoja kumwita mwenzake kwa jina moja: Ged. Hakuna anayemshinda mwenziwe. Kijana anakuwa mtu kamili kwa kukubali kwamba ubaya ule ni wake.

Kitabu cha pili, cha mwaka 1971, kinamhamia Tenar, msichana aliyechukuliwa kwao akiwa mdogo na kufanywa kuhani wa makaburi yenye giza. Cha tatu, “The Farthest Shore” cha mwaka 1972, kinarudi kwenye mizani. Mganga mmoja anayeogopa kufa ametoboa tundu kati ya uhai na mauti, na uhai wa visiwa vyote unavujia humo. Waganga wanasahau maneno yao. Katika kisiwa cha Lorbanery, kilichosifika kwa hariri, wapaka rangi hawakumbuki tena ufundi wao. Ged analiziba tundu, na kazi hiyo inamaliza uganga wake wote. Kitabu hicho kilipata Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani, upande wa watoto, mwaka 1973. Wengi waliona hadithi imekwisha: tundu limezibwa na visiwa vimepata mfalme.

Miaka 18 baadaye

Le Guin alirudi mwaka 1990 na “Tehanu”. Chuo cha Roke sasa kinaonekana kwa mbali tu. Tulipo ni shambani Gont, kwa Tenar, ambaye sasa ni mjane wa makamo, mwenye vyombo vya kuosha na mbuzi wa kulisha. Amemchukua mtoto wa kike aliyechomwa moto na watu wake mwenyewe, upande mmoja wa uso ukaharibika kabisa. Ged anapoletwa nyumbani mgongoni mwa joka, hana uganga hata chembe. Anaona haya kuonana na wajumbe wa mfalme, anajificha, kisha anakwenda kuchunga mbuzi. Aliyeiokoa mizani ya dunia anajifunza katika utu uzima kuosha sahani.

Hapo ndipo swali linapoibuka. Katika dunia ile ile iliyosemekana kuwa na ulinganifu, wanawake hawaruhusiwi kusoma Roke, na watu wanakariri kwamba uganga wa mwanamke ni dhaifu na una uovu ndani yake. Mambo hayo yalikuwamo tangu mwaka 1968, na mwandishi mwenyewe aliyapitisha bila kuyahoji. Safari hii hakuyafuta. Aliingia katika dunia ile ile na kuitazama akiwa upande wa anayepika. Wasomaji wengine walichukia, wakisema shujaa wao ameharibiwa. Riwaya hiyo ilipata tuzo ya Nebula.

Jambo moja, hata hivyo, alikuwa ameligeuza tangu mwanzo: Ged ana ngozi ya rangi ya shaba iliyokolea, rafiki yake Vetch ni mweusi, na weupe ni watu wa mashariki wanaotokea mwanzoni kama wavamizi. Mwaka 2004 kituo cha televisheni cha Sci Fi kilipotoa tamthilia ya Earthsea na kumpa mzungu nafasi ya Ged, Le Guin alipinga hadharani kwa kalamu yake.

Ukuta unabomolewa

“Tehanu” ilitangazwa kuwa kitabu cha mwisho. Haikuwa. Mwaka 2001 vilitoka viwili. “Tales from Earthsea” inafichua kwamba wanawake walikuwa miongoni mwa waasisi wa chuo cha Roke, wakaja kufungiwa nje. “The Other Wind” inakwenda mbali zaidi. Fundi mmoja wa kuunga vyungu vilivyovunjika, Alder, anamwota kila usiku mkewe marehemu akimwita kutoka ng’ambo ya ukuta wa mawe unaotenga nchi ya wafu. Wafu wale wanataka kuachiliwa. Inagundulika kwamba waganga wa kale, kwa kutaka kuishi milele, walipora sehemu ya anga ya majoka na kuizungushia ukuta. Walichopata ni nchi kavu isiyo na upepo, ambako nyota hazisogei.

Kwa hiyo ukuta ambao msomaji alidhani ni sehemu ya maumbile ulikuwa mpaka wa wizi. Waliouzoea waliuita mizani. Watu, wafu na majoka wanauangusha pamoja, na fundi wa kuunga anakamilisha kazi ya maisha yake kwa kubomoa.

Funzo la mwalimu wa Roke halijafutwa: anayebadilisha jambo ajue litakalofuata. Le Guin ameliongezea nusu ya pili, kwamba anayekataa kubadilisha naye awajibike kwa yanayoendelea, kwa sababu utulivu wa wengi unaweza kuwa umesimama juu ya mgongo wa mtu. Waandishi wengi wa hadithi za kubuni za aina hii humaliza kwa kurudisha dunia ilivyokuwa. Wachache wamekuwa na ujasiri wa kurudi kuishtaki dunia waliyoiumba wenyewe.

Kwa anayetaka kuanza, asome kwa mpangilio wa kuchapishwa. Tangu mwaka 2018 vyote sita vinapatikana katika juzuu moja yenye michoro ya Charles Vess. Anayefunga kitabu cha tatu na kuridhika amesikiliza upande mmoja wa kesi. Hukumu imo katika cha sita.