Nyuma ya Mizinga: Jinsi Vita Vikuu vya Pili Vilivyogeuka

Mwezi wa Aprili 1942, baada ya ndege za Wajapani kuushambulia mji wa Colombo siku ya Pasaka na kuzamisha manowari kadhaa za Waingereza katika maji ya Ceylon, Amiri James Somerville aliziondosha manowari zake nyingi akazileta Kilindini. Na bandari ya Mombasa, iliyozoea majahazi ya kaskazi na shehena za tende, ikawa kimbilio la nguvu za Waingereza katika Bahari ya Hindi. Nyuma ya manowari hizo walikuja watu wasiobeba bunduki, waliokaa katika shule ya wavulana yenye jina la Allidina Visram, wakisikiliza usiku na mchana simu za upepo za adui na kutafuta maana ya maandishi yake ya siri. Miongoni mwa mafumbo waliyofaulu kuyafumbua lilikuwamo lile lililotumiwa na meli za mizigo za Wajapani. Msomaji aweza kuuliza: meli ya mchele na mafuta ina jambo gani hata wataalamu wa vita waikeshee? Jibu la swali hilo ndilo ufunguo wa vita vile vizima.

Tangu tarehe 1 Septemba 1939, Wajerumani walipoivamia Poland, waliovianzisha vita walikwenda kutoka ushindi mmoja hadi mwingine. Ufaransa ilianguka Juni 1940. Tarehe 22 Juni 1941 zaidi ya askari milioni tatu wa Ujerumani na wenziwe walivuka mpaka wa Urusi ya Kisovieti. Tarehe 7 Desemba mwaka ule ule Wajapani waliishambulia Pearl Harbor wakaiingiza Marekani vitani. Na tarehe 15 Februari 1942 Singapore, ngome iliyodhaniwa haitwaliki, ilisalimu amri. Aliyeitazama ramani siku zile angalihukumu kuwa mambo yamekwisha. Lakini ramani huonyesha ardhi iliyotekwa, haionyeshi njia ambayo kila mkate na kila pipa la petroli sharti lipite ili limfikie askari aliyesimama ukingoni mwa ardhi ile. Na kadiri ushindi ulivyozidi kuenea, ndivyo njia ile ilivyozidi kurefuka. Wahenga walisema akiba haiozi, na hawa walikuwa wameitumia yao kwa tamaa ya kumaliza upesi.

Mageuzi ya kwanza yalitokea baharini. Amiri wa Japani, Isoroku Yamamoto, alikusudia kuzivuta manowari za Marekani zibebazo ndege mpaka Midway, kisiwa kidogo katikati ya Pasifiki, azimalize kwa pigo moja. Wamarekani, waliokuwa wakisoma sehemu ya maandishi yake ya siri, waliona herufi mbili, AF, zikitajwa kuwa mahali pa shambulio, lakini hawakuwa na yakini ni wapi. Basi wakaiamuru Midway itangaze kwa simu ya upepo, pasipo fumbo lolote, kwamba imepungukiwa na maji matamu. Haukupita muda Wajapani wakaarifiana kuwa AF ina dhiki ya maji, na siri ikafichuka. Asubuhi ya tarehe 4 Juni 1942 ndege za Marekani zilizikuta manowari za Japani katika saa ya udhaifu, ndege zake zikitiwa mafuta na mabomu, na kwa dakika chache Akagi, Kaga na Soryu zikawa zinawaka moto. Hiryu ikafuata alasiri ya siku ile. Wamarekani walipoteza moja, Yorktown. Hiyo ilikuwa imerudi Pearl Harbor majeruhi kutoka vita vya Bahari ya Matumbawe, nayo ilidhaniwa itahitaji miezi ya matengenezo. Mafundi zaidi ya elfu moja wakaitengeneza kwa siku tatu. Hapo ndipo palipokuwa na tofauti ya mataifa mawili: Japani haikuweza tena kuzifidia manowari nne na mafundi wake wa ndege, ilhali karakana za Marekani zilizidi kuunda nyingine mwaka hata mwaka.

Katika majira hayo hayo vita viligusa maji yetu. Kwa kuwa Bahari ya Kati ilikuwa na hatari kubwa, shehena za kwenda Misri zilizungushwa Rasi ya Tumaini Jema, zikapanda kandokando ya Afrika ya Mashariki mpaka Suez. Lau Wajapani wangaliipata bandari ya Diego Suarez katika Madagascar, kisiwa kilichokuwa chini ya serikali ya Vichy ya Ufaransa, njia ile ingalikatwa kooni. Kwa hiyo Waingereza walitua huko tarehe 5 Mei 1942, kisha wakaletwa Makeya, yaani askari wa Afrika ya Mashariki, waliopigana kisiwani humo hata vita vikasimamishwa mwezi wa Novemba.

Thamani ya njia ile ilidhihirika El Alamein. Hapo ni kituo kidogo cha gari la moshi katika pwani ya Misri, yapata kilomita 100 magharibi ya Iskanderia, mahali jangwa linapobanwa kati ya bahari na bonde la Qattara, ambalo vifaru haviwezi kulipita. Jemadari Erwin Rommel wa Ujerumani, aliyeiteka Tobruk tarehe 21 Juni 1942 na kuchukua mateka zaidi ya 30,000, alikwama papo. Hakukwama kwa kukosa ushujaa wala hila, maana hata adui zake walimkiri kuwa stadi. Alikwama kwa sababu Tripoli, bandari yake kuu, ilikuwa nyuma yake kwa mwendo wa yapata kilomita 2,000, na meli zilizomletea petroli kutoka Italia zilikuwa zikizamishwa na ndege na nyambizi za kisiwa cha Malta. Malori yake yalikunywa njiani sehemu kubwa ya petroli yaliyotumwa kuileta. Mbele yake Bernard Montgomery, jemadari wa Waingereza, alikataa kuharakishwa. Alingoja mpaka akawa na askari wapatao 195,000 na vifaru zaidi ya 1,000, takriban mara mbili ya vile vya adui, na katika vifaru vyake vilikuwamo vipya vya Sherman kutoka Marekani. Usiku wa tarehe 23 Oktoba mizinga ilifunguliwa kwa pamoja, na vita vikaendelea kwa siku kumi na mbili katika mashamba ya mabomu yaliyozikwa mchangani. Wakati Rommel akihesabu matone, meli za mafuta alizozitumainia ziliteketezwa karibu na Tobruk. Tarehe 4 Novemba alianza kurudi nyuma, na mwezi wa Mei 1943 majeshi ya Ujerumani na Italia yalisalimu amri Tunisia.

Hata hivyo mizani yenyewe ya vita ilikuwa Urusi. Katika kiangazi cha 1942 Hitler alikuwa na haja ya mafuta ya Kaukazi, lakini ghururi ilimfanya aligawe jeshi lake, nusu lielekee kwenye mafuta na nusu likauteke Stalingrad, mji uliobeba jina la Stalin. Tarehe 23 Agosti ndege ziliugeuza mji ule kuwa magofu, na jeshi la sita la Wajerumani likaufikia mto Volga. Ikafuata miezi ya kupigania nyumba kwa nyumba, ghorofa kwa ghorofa, jeshi la Mrusi Vasily Chuikov likiwa na mto mgongoni mwake, na kila mkate na kila risasi yake ikivushwa kwa mashua usiku chini ya moto wa mizinga. Wajerumani walipokuwa wamezama katika magofu yale, majemadari wa Kirusi Zhukov na Vasilevsky walikuwa wakikusanya pole pole zaidi ya askari milioni moja, wakielekea si mapambano ya mjini bali mbavu za jeshi la adui, zilizolindwa na askari wa Romania wenye silaha haba. Tarehe 19 Novemba walishambulia kutoka kaskazini, kesho yake kutoka kusini, na siku nne baada ya kuanza mikono miwili ikakutana Kalach. Zaidi ya watu 250,000 wakawa wamehusuriwa.

Hermann Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani, aliahidi kuwalisha kwa ndege. Jeshi lilihitaji tani 500 kila siku. Zilizofika, kwa wastani, zilikuwa kidogo juu ya 100. Farasi wakaliwa, mkate ukapunguzwa hata ukawa kipande, na baridi ikawaua ambao risasi iliwakosa. Na Hitler, aliyekuwa amekaa penye moto na chakula, akawakataza wasitoke wala wasisalimu amri. Mchuma janga hula na wa kwao. Tarehe 31 Januari 1943 Friedrich Paulus, jemadari wa jeshi lile la sita, aliyepandishwa cheo jana yake, alitekwa katika chumba cha chini ya duka kubwa, na tarehe 2 Februari bunduki za mwisho zikanyamaza. Mateka walikuwa wapatao 91,000, na katika hao waliorudi kwao hawakuzidi 6,000. Nasi tusisahau, kwa insafu, kwamba ushindi huo uliwagharimu Warusi na wenzao karibu nusu milioni ya wafu.

Baada ya hapo wimbi halikurudi. Mwezi wa Mei 1943 Ujerumani ilipoteza nyambizi zaidi ya 40, ikaziondosha zilizosalia katika njia kuu za Atlantiki, na shehena za Marekani zikavuka. Julai vifaru vyake vilizuiwa Kursk, katika Urusi.

Kusini ya Asia somo lile lile lilirudiwa. Machi 1944 Jemadari wa Japani, Renya Mutaguchi, alivuka kutoka Bama kuingia India na askari wapatao 85,000 na chakula cha majuma matatu hivi, akitumaini kwamba atakula ghala za Waingereza. Ghala za Imphal hazikutekwa, na waliohusuriwa humo walilishwa kwa ndege, jambo lililoshindikana Stalingrad likawezekana hapa. Mvua za masika ya huko zilipoanguka, jeshi la Mutaguchi liliangamia zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Waliolifuata katika bonde la Kabaw walikuwa askari wa divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, watu wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, wakipita penye tope na malaria, ambapo malori hayakuweza kwenda, mpaka mwezi wa Desemba wakafika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Lugha iliyowaunganisha wengi wao ilikuwa hii tunayoisoma.

Hukumu yangu basi ni hii: vita vile havikugeuzwa na ushujaa peke yake, maana mashujaa walikuwako kila upande, viligeuzwa na mafundi, mabaharia, madereva, wapagazi na wafumbua mafumbo, ambao vitabu huwataja kwa mstari mmoja na kuwasahau. Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa na kikosi cha mizinga cha Afrika Mashariki, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi, ikazama kwa dakika chache pamoja na watu wapatao 1,300. Kikosi kile hakikuiona medani kilikokuwa kinakwenda. Asiwepo atakayesema kwamba walikufa kabla ya vita, kwa kuwa njia ndiyo iliyokuwa vita, na aliyefia njiani amefia vitani. Hawana makaburi, wengi wao wana majina tu, yaliyoandikwa katika kumbukumbu ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi.