Wakwe Wanapogeuka Tishio: Sheria ya Kenya Yasemaje? (Sehemu ya Tatu)

Sehemu mbili zilizotangulia zilihusu usajili wa ndoa na mgawanyo wa mali. Leo tunaingia katika jambo ambalo wengi huona aibu kulitaja: mama mkwe anayemtukana mkaza mwana mbele ya watoto, shemeji anayetuma ujumbe wa vitisho usiku wa manane, mawifi wanaoingia bila hodi na kutupa nguo za mke nje.

Jamaa watasema ya nyumbani yamalizwe nyumbani. Sipingi vikao vya wazee. Vimenusuru ndoa nyingi. Lakini kikao kinachoongozwa na yule yule anayetisha hakiwezi kumlinda anayetishwa.

Sheria ya Ulinzi Dhidi ya Dhuluma za Kinyumbani ya mwaka 2015 inataja waziwazi, katika kifungu cha 3, kuingiliwa na wakwe kuwa aina ya dhuluma. Imeliweka jambo hilo pamoja na ndoa za utotoni na kumrithi mjane kwa nguvu. Matusi, vitisho, kumwandama mtu, kuharibu mali yake na kuvamia makazi yake yamo pia. Wala si ya wanawake pekee: mume anayesumbuliwa na ndugu za mkewe analindwa vivyo hivyo.

Kinachoombwa mahakamani huitwa amri ya ulinzi. Wengi huogopa hapa, wakidhani kumpeleka mkwe kwa hakimu ni kudai talaka au kumtia mzee jela. Sivyo kabisa. Amri humtaka mhusika akome, na inaweza kumkataza kukanyaga kwako. Ndoa haiguswi. Hatari ikiwa karibu, hakimu anaweza kutoa amri ya muda hata kabla ya kumsikiliza mlalamikiwa. Akiivunja amri, hapo ndipo anapojitia katika kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi 12, au vyote viwili.

Basi usifute ujumbe wowote. Piga ripoti kituoni na usiondoke bila namba ya OB. Ukiwa umejeruhiwa, pata matibabu na fomu ya P3 ijazwe. Unaweza kuomba uandikishe taarifa yako kwa afisa wa jinsia yako. Na aliyetishia kukuua asiachwe kwa maneno ya "nendeni mkasikilizane": kifungu cha 223 cha Kanuni ya Adhabu kinamwekea hadi miaka 10 jela.

Nyumba ina utata wake. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inazuia mwanandoa kufukuzwa ovyo katika nyumba ya ndoa, lakini nyumba hiyo ni ile inayomilikiwa au kukodishwa na wanandoa, mmoja wao au wote wawili. Mliojenga kwenye shamba la baba mkwe ambalo hati yake ingali kwa jina lake, muoneni wakili mapema, kabla ugomvi haujaanza.

Anayehitaji msaada apige simu 1195, bila malipo. Nawe ambaye wazazi wako ndio wanaomtesa mwenzako, usikae kando ukingoja yapite. Fuatana naye mahakamani, ukatoe ushahidi wa uliyoyaona.

Juma lijalo: mjane na mali ya marehemu.