Ziwa, Ngao na Fuvu: Kweli au Si Kweli?

“Mkataba wa wakoloni ulipitisha mpaka katikati ya Ziwa Nyasa.”

Si kweli, na kulisema hilo ukiwa Kyela, upande wa Tanzania, kunauma. Mkataba wa Ujerumani na Uingereza wa 1 Julai 1890 uliupitisha mpaka ufukweni, mashariki, kaskazini na magharibi ya ziwa, hadi mdomo wa Mto Songwe. Maandishi hayo yanaibeba Malawi katika ugomvi wake na Tanzania juu ya mpaka huo. Kuna gumu zaidi: azimio la Cairo la Julai 1964, lililozitaka nchi huru za Afrika ziheshimu mipaka zilizoirithi, lilipiganiwa na Mwalimu Nyerere mwenyewe. Hoja yetu inasimama kwingine. Nchi zinazopakana ziwani kwa kawaida hugawana maji, na mwaka 1954 Waingereza na Wareno waliusogeza mpaka wa Msumbiji hadi katikati ya ziwa hilohilo. Hoja hiyo ina uzito. Tusiichafue kwa kuusingizia mkataba wa 1890.

“Ugomvi wa 1967 ulikuwa wa maji na samaki.”

Kweli nusu. Januari mwaka huo Tanzania ilidai mstari wa katikati. Lakini baadhi ya mawaziri waliokosana na Kamuzu Banda wa Malawi mwaka 1964 walikuwa wameshakimbilia kwetu, na mwaka huohuo wa 1967 Banda akaanzisha uhusiano wa kibalozi na makaburu wa Afrika Kusini, wakati Dar es Salaam inawahifadhi wapigania uhuru. Chuki ile ilitoka mbali zaidi ya ziwa.

“Nyasa ni jina letu, Malawi ni uchokozi.”

Si kweli. Malawi yenyewe iliitwa Nyasaland hadi 6 Julai 1964. Tazama pia nembo za nchi hizi mbili: Bibi na Bwana wetu wanashika ngao yenye mawimbi ya buluu na meupe chini, ngao ya Malawi ina mawimbi ya rangi hizohizo juu.

“Mkataba wa Versailles ulimrudisha Mkwawa Iringa.”

Si kweli. Huu nao ni mkataba unaosemewa yasiyo yake: kifungu cha 246 cha mkataba huo wa 1919 kiliipa Ujerumani miezi 6 ikabidhi fuvu la mtemi huyo wa Wahehe kwa serikali ya Uingereza. Lilifika Kalenga 19 Juni 1954, Gavana Twining akimkabidhi Chifu Adam Sapi. Wahehe walisubiri miaka 35.

“Ng’ambo ya Songwe kuna watu wengine.”

Si kweli hata kidogo. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga husikilizana bila mkalimani. Mwaka 2012, baada ya Malawi kutoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, neno vita lilitamkwa hadharani. Nilisikitika, maana wa kwanza kuumia wangekuwa ndugu hawa. Songwe nao, mafuriko yakija, huhama njia yake, na shamba lililopandwa Kyela huamkia upande wa Malawi, mwenyewe akiwa bado kitandani.