Zawadi ya vitu vizuri inakaa ndani ya mungodi wa zamani

Ba ndugu wa mungodi, na nyinyi ba mama wa nyumbani, leo nawaletea habari ya zawadi moja ya Ulaya. Jina lake Red Dot, ni kusema nukta nyekundu. Kila mwaka inapewa vitu vya kiwanda vyenye umbo zuri: motokari, telefone, viti, hata vyombo vya kazi.

Ilizaliwa Essen, katika Ujerumani, muji wa makaa ya mawe na chuma. Mwaka 1954 chama kiliundwa pale. Mwaka 1955 kikafungua maonyesho ya vitu vya umbo zuri katika Villa Hügel, nyumba kubwa ya jamaa ya Krupp, matajiri wa chuma.

Sasa sikilizeni. Tangu 1997 zawadi hii inakaa kwa wachimbaji. Mungodi wa Zollverein, palepale Essen, ulifungwa mwezi wa Desemba 1986. Shimo lake la 12, lililofunguliwa 1932, lilikuwa linapandisha tani 12.000 za makaa kwa siku. Lakini hawakubomoa. Nyumba ya moto, fasi walichemshia maji ili mvuke uendeshe mashini, ilitengenezwa upya na Norman Foster, fundi wa majengo Mwingereza. Mapipa makubwa yenye kutu yamebaki, na vitu vilivyoshinda vinaonyeshwa katikati yake. Mwaka 2001 UNESCO iliandika mungodi huo katika urithi wa dunia.

Tuseme ukweli: kampuni inalipa ili iingie katika mashindano, na ikishinda inalipa tena. Njo biashara pia. Lakini jambo moja ninalipenda: waamuzi hawatazami picha tu. Wanashika kitu mukononi, wanakijaribu.

Kwa nini nawaambia haya? Wakati nilianza kazi, kaske ilinikata kidevuni, na batri ya taa ilinigonga kiunoni masaa nane nzima. Nikalalamika, wakanijibu: "Utazoea." Hakuna hata mumoja wetu aliyevaa kaske ile mbele ya kuinunua. Umbo si mapambo, ba ndugu. Umbo baya linaingia mwilini. Ba mama wanaopaka mafuta mugongo wa bwana kila jioni wanajua.

Mbele ya waamuzi wale zinafika telefone zenye shaba na kobalti, na kobalti nyingi ya dunia inatoka hapa kwetu Kongo. Basi, kama telefone inajaribiwa kwa mikono mbele ya kusifiwa, kaske nayo ijaribiwe kichwani mwetu mbele ya kununuliwa. Siku ya mazungumuzo na wakubwa wa kazi, tusizungumuze paka mushahara. Tuwaambie waweke kaske tatu, ine juu ya meza, na muchimbaji mwenyewe avae, achague.